Uchovu Si Kifo cha Mapenzi

Mwandishi anayewashauri wanandoa waachane mara tu mapenzi yanapofifia anachanganya uchovu na kifo. Mtu aliyepanga foleni ya matatu katikati ya jiji, akakwama Waiyaki Way hadi Kangemi, hufika nyumbani saa tatu usiku hana neno lililobaki. Je, ameacha kupenda?

Mimi na mume wangu tuliishi hivyo karibu mwaka mzima: sahani yangu imefunikwa mezani, yake imeshaoshwa, mazungumzo yetu ni kodi na tokeni za stima. Kisha akaanza kunisubiri stejini, simu mfukoni, tukitembea pamoja dakika kumi. Wiki mbili tulinyamaza tu. Ya tatu akaniuliza habari za mama yangu, nikalia palepale kando ya mchoma mahindi.

Anayepigwa aondoke leo, hapo sibishani. Lakini hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inairuhusu mahakama kuupeleka mgogoro wa ndoa ya kiserikali kwenye usuluhishi. Hakimu akiweza kuwapa wanandoa nafasi ya kuzungumza, mwandishi anawanyima kwa nini?