LIKIZO ZIWANI: TUHESABIWE KABLA YA KUPANDA

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Mkutano uliopita wa tawi letu ulikuwa na jambo moja la furaha, nalo ni safari ya mwisho wa mwaka. Wanachama wanataka kuwapeleka jamaa zao visiwa vya Ssese kwa siku tatu, ili watoto walijue Ziwa Victoria, ambalo wazazi wao hulitazama kila siku kutoka dirisha la kiwanda bila kupata nafasi ya kukaa kando yake. Hakuna aliyepinga. Tuligawanyika tulipofika kwenye chombo cha kusafiria. Kamati ilileta habari za bwana mmoja mwenye boti ya mbao yenye injini, aliyekuwa tayari kutubeba sote, wakubwa kwa wadogo, kwa fedha isiyofika nusu ya nauli ya meli. Wengi walipiga makofi. Ndipo mama mmoja wa idara ya kufungasha akasimama akauliza: "Watoto wangu wanne, pamoja na huyu wa mgongoni, katika hesabu ya huyo bwana wamo au hawamo?"

Hakujibiwa. Mwenyekiti alisema jambo hilo litaangaliwa baadaye, tukaenda zetu nyumbani.

Mimi naona swali la yule mama lilipaswa kuwa la kwanza, kabla ya swali la nauli. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana najua matawi mengine ya viwandani na mashambani yanapanga safari kama hiyo yetu.

Kwanza niondoe neno moja. Wapo wanaosema kwamba kusafiri kwa meli kwa ajili ya kupumzika ni mambo ya matajiri, wale wanaozunguka bahari kwa meli zenye vyumba vya kulala kama hoteli, na kwamba kibarua akipata likizo akalime shamba lake. Sikubaliani nao. Likizo yenye mshahara haikuletwa na huruma ya tajiri yeyote. Ililetwa na wafanyakazi waliodai. Hapa Uganda, sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye mshahara kamili kwa kila miezi minne aliyofanya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Jirani zetu wa Kenya wana siku 21 za kazi, na wa Tanzania wana siku 28. Tena kanuni zetu za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi. Basi likizo ni mali yetu. Mwenye kutaka kuitumia kulima na alime, na mwenye kutaka kuwaonyesha watoto wake maji asichekwe.

Lakini mali ya mtu hulindwa. Kwa hiyo tuseme wazi yaliyokwisha kutokea katika maji haya.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Ilikuwa imeandikishwa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, na peke yake ilionyesha watu 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu: daraja letu sisi, la wenye vikapu, ndizi na watoto, halikuwa na orodha. Waliokufa hutajwa kuwa kama 800, na wengine husema walizidi hapo. Hesabu kamili haitapatikana kamwe, kwa sababu watu hawakuandikwa walipopanda. Wengi wamezikwa Igoma, Mwanza, na ziko jamaa ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, ilikuwa zamu yetu Uganda. Boti ya starehe iliyotoka na watu waliokwenda kujifurahisha ilizama jioni katika maji ya wilaya ya Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Polisi walisema boti hiyo ilijaza kupita kiasi, na serikali ikasema haikuwa na leseni. Na hao hawakuwa wakienda sokoni wala msibani. Walikuwa katika mapumziko, kama tunavyotaka kuwa sisi.

Wala msidhani haya ni ya Afrika tu. Titanic ilipozama mwaka 1912, katika daraja la kwanza walipona zaidi ya nusu, na katika daraja la tatu alipona kama mmoja katika kila wanne. Baada ya hapo, mwaka 1914, mataifa yaliandika mkataba wa usalama wa maisha baharini. Mkataba huo, kama ulivyo leo, unataka meli za abiria ziendazo nchi za nje ziwe na majaketi ya kuokolea maisha ya watoto, mbali na yale ya watu wazima. Mkataba huo haumfuati mwenye boti ya mbao katika mwalo wetu, lakini hakuna anayetukataza sisi kuutumia kama kipimo.

Mzee mmoja katika mkutano, ambaye namheshimu sana, alisema: "Nimevuka ziwa hili miaka thelathini kwa mitumbwi, na Mungu yupo." Ni kweli, mzee wangu, Mungu yupo. Lakini wewe ulivuka ukiwa mvuvi kijana, mko wanne katika mtumbwi, kila mmoja anajua kuogelea na kusoma upepo. Sasa tunazungumza habari ya akina mama, wazee na watoto wasiojua kuogelea, katika boti ya mtu tusiyemjua. Tena wavuvi hao hao ndio mara nyingi hufika wa kwanza kuokoa watu vyombo vinapozama, na hao ndio wanaojua kuliko sisi kwamba ziwa halimwogopi mtu.

Wengine walisema nauli ya meli ni kubwa. Hilo nalikubali, maana mshahara tunaujua. Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na rahisi ya majini huvunja nyumba. Mwenye boti anayetoza nusu ya nauli huipata nafuu hiyo mahali fulani. Ama anapakia watu maradufu, ama hana majaketi, ama injini yake haijakaguliwa. Unafuu wake tunaulipa sisi, na wa kwanza kuulipa ni mtoto wa mgongoni, kwa kuwa hakukatiwa tikiti na hakuna anayejua kwamba alikuwemo.

Tazameni kazini kwetu. Chai hupimwa kwa kilo, miwa kwa tani, na gunia moja likipungua karani haendi nyumbani. Asubuhi nyapara hutuhesabu mmoja mmoja, na anayechelewa hukatwa. Ikiwa tunaweza kuhesabiwa kwa ajili ya faida ya mwenye shamba, kwa nini tusihesabiwe kwa ajili ya uhai wetu wenyewe?

Basi natoa maoni haya kwa kila jamaa na kila tawi linalopanga safari ya majini.

Chagueni chombo kabla ya kuchagua tarehe. Kutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, meli ya MV Kalangala ilianza mwaka 2006 kwenda Lutoboka katika kisiwa cha Bugala, safari ya kama saa tatu na nusu. Upande wa Masaka kuna njia ya kivuko kutoka Bukakata kwenda Luku, katika kisiwa hicho hicho. Njia hiyo ya maji ni fupi zaidi, na vivuko vilivyoanza huko mwaka 2012 vilikuwa havitozi nauli. Kwa jamaa kubwa, nauli ya basi mpaka Masaka huenda ikawa nafuu kuliko boti yoyote. Lakini ulizeni kwanza kama chombo kinafanya kazi wiki hiyo, kwani vyombo huingia matengenezo, na jamaa iliyokwama gatini na watoto wenye njaa ndiyo hushawishika kupanda boti yoyote inayopita.

Tumeni wajumbe wawili wakakione chombo kabla ya kulipa hata senti. Waulize kimeandikishwa kuchukua watu wangapi, na waone maandishi kwa macho yao. Wahesabu majaketi, tena wayashike mkononi, maana jaketi lililochanika kamba halimsaidii mtu. Waulize ya watoto yako mangapi. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto likapita kichwani, akabaki mikono mitupu.

Andikeni majina yote katika daftari: wazee, watoto, na hata wa kunyonya. Fanyeni nakala mbili. Moja isafiri na kiongozi wa msafara, nyingine ibaki nchi kavu kwa katibu wa tawi. Watu waitwe kwa majina wakipanda, na waitwe tena wakishuka.

Siku ya safari, kila mtu avae jaketi tangu mwanzo, si kulikalia kama mto. Kila mtoto apewe mtu mzima mmoja wa kumwangalia, kwa jina, wala isisemwe kwamba "tutamwangalia sote". Safirini mchana, kwa sababu usiku mpaka alfajiri ngurumo na dhoruba huwa nyingi juu ya ziwa hili. Mkiona gati, kaeni mlipo mpaka chombo kifungwe kamba. Watu wote wakikimbilia upande mmoja ili washuke wa kwanza, wanaweza kukipindua chombo ambacho kimekwisha kufika.

Na mkifika salama, msisahau kwamba maji ya kando yana kichocho. Watoto wasiogelee penye majani na matope. Anayeogelea aende hospitali baadaye kupimwa, dawa yake ipo. Chukueni vyandarua vyenu. Wala msikope fedha kwa ajili ya safari hii, maana likizo inayorudi na deni si likizo.

Haya ni ya jamaa moja moja. Lakini liko ambalo jamaa moja haiwezi, na hapo ndipo chama kinapohitajika. Mfanyakazi mmoja akisimama mwaloni akasema, "Boti imejaa, sipandi", mwenye boti humwambia ashuke, na nauli yake haimrudii. Mkewe atamwona mkorofi na watoto watalia. Mwishowe atapanda, na mimi simlaumu. Wanachama 60 wakisema hivyo kwa sauti moja, boti haiondoki. Kwa hiyo tawi lilipe nauli kwa pamoja, na lipatane kwa maandishi kwamba chombo kikizidisha watu, fedha yote inarudishwa. Tawi lionane na uongozi wa kiwanda ili wanaosafiri wapewe likizo katika wiki moja, na malipo yao ya likizo yatolewe kabla ya kuondoka, wala si baada ya kurudi. Nao wenzetu wa mashamba ya michikichi huko Bugala, ambao kwao maji haya si matembezi bali ni njia ya kwenda hospitali na shule, tuwaunge mkono kila wanapodai vivuko vya kutosha na vilivyokaguliwa. Tukikumbuka ziwa mwezi wa Desemba tu, hatujawatendea haki.

Katika mkutano ujao nitapendekeza tuikatae ile boti ya mbao. Ikiwa fedha haitoshi kwa siku tatu, tukae siku mbili. Ikiwa haitoshi kwa siku mbili, tungoje mpaka Pasaka tuendelee kuchanga. Najua wengine watanung'unika, na watoto waliokwisha kuahidiwa watasikitika. Huzuni ya mtoto aliyengoja miezi minne hupoa siku anapoona meli.

Na yule mama wa kufungasha nitamwomba asimame tena aulize swali lake, ili safari hii lijibiwe: Ndiyo, mama, watoto wako wanne wamo, na wa mgongoni yumo, jina lake limeandikwa na jaketi lake lipo. Tusipoweza kumjibu hivyo, tusipande.

Wenu katika umoja,
Mwanachama wa idara ya karakana, Jinja