Mbegu haifiki ikiwa tayari

Kipindi cha wiki hii tulicheka sana na ile hadithi ya mbio: mbegu mamilioni, mshindi mmoja, yai limekaa tu linasubiri. Kumbe sivyo. Mbegu ikitoka kwa mwanaume bado haiwezi kurutubisha yai. Lazima ikae saa kadhaa mwilini mwa mwanamke, ipunguzwe kolestroli kwenye utando wake, ndipo mkia uchape kwa nguvu na iweze kupenya ganda la yai. Mwaka 1951 waligundua hilo Min Chueh Chang akiwa Marekani na Colin Austin akiwa Australia, kila mtu kivyake.

Sasa kaka yangu (kaniruhusu niandike). Miaka 4 ya ndoa, shangazi kila akipiga simu: "Mkeo vipi?" Wifi kapimwa damu, kapigwa picha, kanyweshwa mitishamba. Kaka hajapewa hata kikopo! Na kipimo cha manii ndicho chepesi. Kikitoka kibaya hurudiwa baada ya miezi 3 hivi, maana mbegu hutengenezwa kwa zaidi ya miezi 2, na homa kali ya leo huonekana baadaye.

Juzi nikamwambia shangazi. Kimya. Kisha: "Kwani wanaume nao hupimwa?"