Rudi Nyuma Kidogo

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulikwenda Ziwa Naivasha, Kenya, kumpiga picha furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayevua samaki. Mwenzangu alikaa kwenye boti saa mbili nzima, kamera mkononi, kimya. Mimi nikachoka. "Mpenzi, si tusogee tumpate kwa karibu!" Nikainuka, boti ikayumba, ndege akaenda zake. Hakunigombeza. Alinyamaza mpaka jioni, na hilo ndilo liliniuma.

Kesho yake tulirudi, akanifundisha. Jua liwe mgongoni kwako, na upepo pia, maana ndege mkubwa huruka akiukabili upepo, kwa hiyo atakuja upande wako. Spidi ya kamera iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi, fokasi iwe jichoni. Akijisaidia, kaa chonjo: mara nyingi hupunguza mzigo kabla ya kuruka! Ila akiacha shughuli zake akakukodolea macho, umemkaribia mno. Rudi nyuma.

Nilipata picha moja safi, kucha zikigusa maji. Lakini kilichonikaa moyoni ni hilo "rudi nyuma". Miaka yote ya ndoa, akinyamaza tu mimi huyo: una nini, sema basi! Siku hizi namwachia nafasi. Nangoja. Na kweli, huja mwenyewe akazungumza.

Wewe je, wako akinyamaza unasogea au unangoja? Tukutane mwezi ujao!