Mwangaza Usiwapofushe Wengine

Maendeleo ya kweli ya ufundi ni yale yanayomfaa mwenye chombo bila kumdhuru jirani yake. Hicho ndicho kipimo kinachopasa kutumiwa katika kuzitazama taa mpya za magari zijulikanazo kwa jina la LED.

Hapana shaka kwamba taa hizo ni hatua kubwa. Kwa miaka mingi taa ya mbele ya gari ilitegemea waya mwembamba uliopashwa moto hadi ukang'aa, na sehemu kubwa ya umeme wake ikapotea bure kuwa joto. Taa ya LED haina waya wa kuungua. Hutumia umeme kidogo na hudumu muda mrefu. Kilichokosekana zamani ni LED ya rangi ya buluu yenye nguvu, ambayo ndiyo msingi wa mwanga mweupe. Wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walilitatua tatizo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Viwanda havikuishia hapo. Mwaka 2013 gari la Audi A8 lilitolewa likiwa na taa zenye vijitaa vingi, ambavyo kompyuta huvizima au kuvipunguza kimoja kimoja, ili dereva anayekuja asimulikwe machoni na sehemu nyingine ya barabara iendelee kuangazwa. Marekani iliruhusu mfumo wa namna hiyo mwaka 2022. Ni dhahiri, basi, kwamba waliobuni taa hizo walimfikiria pia mtu wa upande wa pili.

Hali katika barabara za Tanzania ni tofauti. Magari mengi yanayoagizwa nchini yamekwisha kutumika Japani, na mengi kati yake yana taa zilizoundwa kwa ajili ya globu ya waya. Kioo cha ndani cha taa hiyo kimepimwa kulingana na mahali waya ulipo. Mwenye gari anapoing'oa globu hiyo na kupachika globu ya LED ya bei nafuu, mara nyingi mwanga hautoki tena mahali palipokusudiwa. Hutawanyika hovyo na kupanda juu, hata dereva akiwa amepunguza taa. Yeye huridhika kwa kuona weupe mbele yake, na anayekutana naye haoni kitu.

Wapo wanaojitetea kwamba barabara ni za giza, na kwamba globu za zamani hazitoshi. Haja hiyo ni ya haki, lakini dawa yake siyo hiyo. Dereva aliyepofushwa katika barabara ya Morogoro ndiye huyo huyo anayekuja kumkabili aliyempofusha, na kati yao yumo mwendesha baiskeli asiye na taa na mwanafunzi anayewahi shule alfajiri. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini aliyemulikwa hata akiambiwa hawezi kutazama.

Mara nyingi tiba ni rahisi: kusafisha vioo vya taa vilivyofifia, kurekebisha mwelekeo wake kwa fundi, na kuweka globu ya aina iliyokusudiwa. Ujerumani, iliporuhusu globu za kwanza za LED za kubadilishia mwaka 2020, iliziruhusu kwa magari yaliyotajwa tu, baada ya kupimwa. Huo ni mfano wa kufuatwa. Wakaguzi wa magari hawana budi kupima mwelekeo wa mwanga, badala ya kutosheka kwamba taa inawaka.

Watumishi wa umma wanapaswa kuwa wa kwanza. Ofisa anayesimamia magari ya idara yake anao uwezo wa kuamuru taa zote zikaguliwe kabla ya safari ya usiku. Hahitaji kungoja waraka. Nao walimu wawakumbushe wanafunzi kutembea upande wa kulia, wakiyakabili magari, na kuvaa nguo nyeupe kabla ya mapambazuko.

Hata hivyo, mtoto asibebeshwe mzigo wa kujilinda na uzembe wa mtu mzima. Wajibu wa kwanza ni wa yule aliyeshika usukani.