Uga wa Umeme na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo. Katika sakiti ya umeme, hata lisilosemwa lipo. Mchoro wa darasani huonyesha betri, swichi, taa na mistari ya kuziunganisha, na mistari hiyo huchukuliwa kuwa njia tu. Ilhali waya wenye volteji huzungukwa na uga wa umeme. Na nyaya mbili zikilazwa sambamba, zikitenganishwa na hewa au plastiki, huwa tayari zimeunda kapasita ambayo hakuna aliyeichora.

Jambo hili si la maabara pekee. Katika nyumba za Meru na Embu, kama kwingineko, taa ya LED huweza kuendelea kuwaka kwa unyonge baada ya swichi kuzimwa. Chanzo chaweza kuwa kapasitansi baina ya waya moto na waya wa taa uliolazwa kando yake ndani ya bomba moja. Mkondo geu wa hezi 50 hupenya humo kidogo kidogo, nao huitosha taa isiyohitaji nguvu nyingi. Lakini chanzo chaweza pia kuwa swichi iliyowekwa kwenye nyutro badala ya waya moto. Hapo holda hubaki na umeme kamili, na anayebadilisha taa anaweza kupoteza maisha. Dalili ni moja. Chanzo cha kwanza ni kero, cha pili ni mauti.

Je, mwenye nyumba atayatofautishaje iwapo yote mawili huitwa "umeme umebaki"? Fundi humweleza mteja wake kwa Kiswahili, Kimeru au Kiembu, ilhali fizikia alifunzwa kwa Kiingereza. Umeme wenyewe umezalishwa katika Mto Tana, mpakani mwa Embu, tangu Kindaruma ilipoanza kazi mwaka 1968. Maelezo yake bado huazimwa kutoka mbali.

Haisemwi hapa kwamba Kiswahili ni maskini. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Neno "uga", ambalo hutaja pia uwanja wa mbele ya nyumba, linafaa mno: uga si nyumba, lakini ni wa nyumba hiyo. Kwa kapasitansi isiyokusudiwa, huenda baadhi wakapendelea "kapasitansi potevu". Istilahi hiyo haina mashiko, kwani hakuna kilichopotea. Kapasitansi ilikuwapo tangu nyaya zilipokaribiana. "Kapasitansi ya ujirani" ingeeleweka upesi zaidi kwa mwanafunzi na kwa fundi.

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili huyaacha masuala haya kwa wanasayansi, nao wanasayansi huyaacha kwa Kiingereza. Ni wakati pande hizi mbili zikae pamoja na mafundi, zisikilize wanavyosema kazini, kisha zisanifishe. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya. Urasmi huo haujakamilika ikiwa hauwezi kumwonya mtu kabla hajashika holda.