Madai Matano Yanayomponza Mnunuzi wa Baiskeli Turkana

Anayetafuta baiskeli yake ya kwanza ya milimani Lodwar au Kakuma hapungukiwi na washauri. Tatizo ni kwamba wengi husifu kinachoonekana dukani. Lami ya kilomita takriban 120 kati ya miji hii haisumbui baiskeli; zinazoisumbua ni laga (mito ya msimu yenye mchanga), kokoto na njia za mbuzi. Tuyapime madai yao matano kwenye njia hizo.

"Baiskeli nzuri ina springi mbele na nyuma." Kwa bei ya chini, si kweli. Springi rahisi ni koili ya chuma tu, haina mafuta ya kutuliza mdundo. Huongeza uzito, na vumbi likiingia hukwama. Ya nyuma ina maungio yanayolegea, na bushi zake ni shida kupata. Afadhali uma wa mbele wa chuma usio na springi, na tairi pana.

"Gia 21 zinashinda gia 8." Hesabu meno, usihesabu gia. Yenye gia 8, meno 32 mbele na 40 nyuma, hupanda kwa wepesi kuliko ya gia 21 yenye meno 24 mbele na 28 nyuma. Isitoshe, katika zile 21 nyingi hurudia uzito uleule, na mitambo ya kurekebisha huongezeka.

"Bila breki za diski utaumia." Diski nzuri ni nzuri kweli. Ya bei nafuu hupinda ikigongwa na kuanza kusugua, na pedi zake zina maumbo mengi yasiyoingiliana. Breki za rimu zilizokazwa vizuri zinatosha kwa nchi tambarare kama hii, mradi ufute mchanga kwenye rimu, maana huzila.

"Jaza upepo tairi iwe jiwe, mwiba hautapenya." Dai hili ndilo linalowagharimu watu zaidi. Mwiba wa mti wa mathenge hupenya tairi ngumu bila taabu, na tairi hiyohiyo huzama ukivuka mchanga wa laga ya Kawalase au Tarach. Chukua tairi ya inchi 2 au zaidi, upunguze upepo kidogo bila kuacha rimu iguse chini. Tandika ukanda wa tyubu kuukuu kati ya tairi na tyubu, na ubebe viraka, gundi na pampu. Kabla ya kulipa, waulize mafundi wa pancha saizi walizo nazo: rimu ya inchi 26 ina kipenyo cha milimita 559, ya 29 ina 622, na ya baiskeli ya Black Mamba ya inchi 28 ina 635. Tairi ya moja haivai kwenye nyingine.

"Mtumba ni hasara, mpya ni salama." Mtumba mzuri mara nyingi una fremu na rimu imara kuliko baiskeli mpya ya bei hiyohiyo. Kagua tu: tafuta nyufa kwenye maungio ya fremu, hasa karibu na usukani, zungusha kila gurudumu uone kama linayumba, tikisa kranki, gusa spoku moja moja.

Ukiwa na fedha kidogo, zigawe hivi: kwanza fremu na magurudumu, pili tairi, tatu breki. Springi, rangi na idadi ya gia zije mwisho. Muuzaji akikukataza kukagua na fundi wako, nenda kwa mwingine.