Mtoto akisema ameumia, usiwe jaji

Wapenda ngumi wa Tukuyu wana ubishi wao mmoja wa zamani ambao hadi leo haujapata mshindi. Mvua ikiwakusanya kwenye kibanda umiza, na mwajua mvua ya Rungwe haina haraka ya kukatika, pambano linalorudiwa midomoni ni lile la Septemba 3, 2022 mjini Liverpool, Uingereza, kati ya Hassan Mwakinyo wetu na Liam Smith.

Wengi mnalikumbuka. Miaka minne kabla yake, Septemba 2018, kijana huyo wa Tanga alimpiga Sam Eggington kwa TKO raundi ya pili kule Birmingham, na nchi nzima ikamjua kwa siku moja. Matumaini ya safari ya Liverpool yalikuwa makubwa. Raundi ya nne akapiga goti bila watazamaji kuona ngumi kali iliyompeleka chini. Mwamuzi akamhesabia. Akainuka, akaenda chini tena, pambano likaishia hapo na Smith akatangazwa mshindi. Mwakinyo alisema mguu ndio uliomkwamisha.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Jioni moja nilikaa kibandani nikiwasikiliza. Mmoja alisema goti lile halikustahili kuhesabiwa kwa kuwa hakuna ngumi iliyoingia. Wa pili akajibu kwamba sheria ni sheria, bondia akishindwa kuendelea bila kuchezewa faulo amepoteza. Wa tatu, aliyekaa nyuma na karanga zake, akafunga mjadala: "Malafyale, ule mguu haukumuuma. Aliona moto, akatafuta mlango." Kibanda kizima kikacheka.

Kwa sheria za ngumi, wa pili ndiye aliye karibu na ukweli. Na pale pambano linapofika mwisho, uamuzi huachwa kwa majaji watatu wanaokaa pande tofauti za ulingo. Kila raundi mshindi hupewa pointi 10 na mwenzake 9. Aliyedondoshwa kwa kawaida huandikiwa 8. Kila jaji anaona kwa pembe yake, kwa hiyo watu watatu waaminifu wanaweza kutoka na karatasi tatu zisizofanana. Machi 13, 1999 mjini New York, Lennox Lewis na Evander Holyfield walipomaliza raundi 12, jaji mmoja alimpa Lewis, wa pili Holyfield, wa tatu akaandika sare. Dunia ilipiga kelele. Hapa nyumbani, Twaha Kiduku na Dullah Mbabe walipigana 2020, wakarudiana 2021, na mara zote mbili ukainuliwa mkono wa Kiduku, lakini ukitaka kuchelewa kurudi nyumbani anzisha tu mjadala huo mbele ya mashabiki wao.

Siupingi ubishi wa pointi. Ni sehemu ya raha ya mchezo. Ninachokipinga ni ile sentensi ya yule wa tatu.

Hakuna karatasi ya jaji yenye safu ya maumivu. Televisheni haiyaonyeshi, na hata picha ya X-ray haiyaonyeshi; inaonyesha mfupa tu. Ndiyo maana sisi wahudumu wa afya humuuliza mgonjwa anaumwa wapi na kwa kiasi gani, kisha tunaanzia kwenye jibu lake. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kibandani kicheko kile hakina gharama. Tatizo ni kwamba watoto wetu walikuwa wamekaa mbele kabisa wakisikiliza, nao wakajifunza kwamba mwanaume akisema ameumia, watu humcheka.

Wiki chache baadaye mama mmoja alinieleza habari za mwanawe wa miaka 14. Vijana walikuwa wamejifunga matambara mikononi, wakipigana ngumi nyuma ya madarasa kama walivyoona kwenye televisheni. Mwanawe akapigwa, akaanguka kinyumenyume, kisogo kikagonga ardhi. Akainuka, akamaliza raundi, akaenda nyumbani. Usiku akasema kichwa kinauma. Baba yake, shabiki mkubwa wa ngumi, akamtania: "Usinifanyie Mwakinyo hapa. Kesho kuna mikungu ya ndizi ya kupeleka barabarani."

Kijana akanyamaza. Asubuhi akabeba mkungu wa kwanza, njiani akatapika. Akatapika tena. Kisha akamuuliza mama yake leo ni siku gani, akajibiwa, na baada ya dakika chache akauliza tena, halafu tena. Mama hakusubiri ushauri wa mtu. Akasimamisha Noah ya kwanza iliyopita, akampeleka hospitali. Alilazwa kwa uangalizi, na kwa bahati damu haikuwa imevuja ndani ya kichwa. Lakini zilipita karibu wiki tatu kabla hajaweza kusoma ukurasa mzima bila kichwa kumuuma.

Baba yake aliniambia jambo moja tu: usiku ule mtoto aliacha kulalamika, naye akadhani amepona.

Kitabibu hali iliyompata kijana huyu huitwa mtikisiko wa ubongo. Ubongo ni kitu laini, umekaa ndani ya fuvu gumu ukizungukwa na maji maji. Kichwa kikigongwa au kutikiswa kwa nguvu, ubongo nao hutikisika humo ndani na kazi zake huvurugika kwa muda. Si lazima mtu azimie. Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Si lazima kuwe na nundu wala jeraha. Hata kipimo cha CT scan mara nyingi hutoka safi, na bado mtoto anaumwa kweli. Atalalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kumuumiza macho. Atakuwa mzito wa kufikiri, msahaulifu, mwenye hasira au usingizi mwingi.

Lililo hatari zaidi ni damu kuvuja na kujikusanya ndani ya fuvu. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa, akala, akaongea, kisha akabadilika ghafla. Kwa hiyo saa 24 za kwanza asiachwe peke yake. Mpeleke kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: alizimia, hata kwa muda mfupi, anatapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, anachanganyikiwa au hawatambui watu, anasinzia isivyo kawaida au haamki vizuri, amepata degedege, mkono au mguu umelegea, anaongea kwa kukokoteza, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, damu au maji maji yanatoka puani au masikioni. Kwa mtoto mchanga, angalia kulia kusikobembelezeka, kukataa kunyonya na utosi uliovimba.

Hapa Rungwe kichwa hakigongwi ulingoni tu. Kuna bodaboda na abiria asiye na kofia ngumu, kuna anayeanguka kutoka kwenye mparachichi wakati wa mavuno, kuna utelezi wa vilima vyetu, kuna mpira wa shuleni katika mji huu uliowatoa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Ushauri ni ule ule kwa wote. Aliyeumia kichwa na hajitambui asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda, akibanwa katikati ya watu wawili huku shingo inaning'inia. Shikilieni kichwa na shingo visitikisike, tafuteni gari alale. Anzeni na kituo kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya pale Makandana. Wakiona haja ya vipimo zaidi watatoa rufaa kwenda Mbeya. Safari hiyo ni zaidi ya saa moja, na ndiyo sababu ya kutosubiri hadi usiku wa manane.

Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri wa mtaalamu, kwa sababu zinaweza kuzidisha damu kuvuja. Parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake inatosha. Si kweli kwamba aliyegongwa kichwa asilale kabisa. Akishaonwa na mtaalamu na kuruhusiwa, alale, nanyi mchunguze mara kwa mara kama anaamka na kujibu vizuri.

Siku mbili za kwanza apumzike na apunguze simu na televisheni. Kisha arudi taratibu kwenye kazi nyepesi, halafu shule, na michezo iwe ya mwisho, baada ya dalili zote kuisha na mtaalamu kuridhia. Siku aliyogongwa asirudi uwanjani hata kama anasema yuko sawa. Kwa watoto na vijana, pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza, mara chache, kusababisha uvimbe wa ghafla wa ubongo unaoua. Watoto wengi hupona ndani ya wiki nne. Akipitiliza hapo, mrudishe kwa daktari.

Na kwa kuwa ubishi wenyewe ulianzia mguuni: mtoto akiteguka kifundo, mwambie ajaribu kupiga hatua nne. Akishindwa, au mfupa ukimuuma unapobonyezwa, apigwe X-ray. Wakati huo apumzike, awekewe kitambaa chenye maji baridi, mguu uinuliwe juu ya mto. Msiuvute wala kuuchua kwa nguvu. Kama mfupa umevunjika, mtauhamisha.

Najua baadhi yenu mtasema ukimsikiliza mtoto kila anapolia utamfanya legelege. Ni kweli wapo watoto wanaojisingizia ugonjwa siku ya mtihani au ya kuchota maji. Lakini linganisheni hasara. Ukimwamini aliyekudanganya, umepoteza asubuhi moja na nauli. Usipomwamini aliyesema kweli, unaweza kumpoteza yeye. Hata watu wazima waliojiandaa kwa kazi hiyo hufa: mwishoni mwa Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki dunia Dar es Salaam baada ya kupigwa KO ulingoni.

Kuna mtu mmoja wa historia ya ngumi ambaye ningependa wazazi wa Tukuyu wamjue kuliko bingwa yeyote. Oktoba 1, 1975 mjini Manila, Ufilipino, Joe Frazier alikuwa amebakiwa na raundi moja dhidi ya Muhammad Ali. Macho yake yalikuwa yamevimba kiasi kwamba hakuziona vizuri ngumi zinazokuja. Yeye alitaka kuendelea. Mkufunzi wake, Eddie Futch, alikataa, na raundi ya 15 haikupigwa. Mashabiki wanabishana mpaka leo ingekuwaje. Futch hakuwa jaji wala shabiki. Alikuwa mtu wa kona, na kazi ya mtu wa kona ni kumtazama bondia wake kwa karibu na kusema basi, hata kama ukumbi wote unazomea.

Mzazi mwenzangu, hiyo ndiyo nafasi yako. Kibandani bishana upendavyo, mpe Mwakinyo au mpe Smith. Ukifika nyumbani na mtoto akakuambia baba, kichwa kinauma, zima redio, msogeze karibu na taa, mtazame macho, muulize imetokeaje. Usimtanie. Na usiku akinyamaza, usidhani amepona, amka ukamwangalie.